Vocha za Bi Sheikha

Mumewe alipofariki, kitu cha kwanza kilichomshinda Bi Sheikha kilikuwa kupika. Si kwamba alisahau. Alikuwa mpishi tangu usichana wake huko Wete, Pemba, na hapa London watu wa msikitini walimtafuta kila palipokuwa na harusi au hitima. Kilichomshinda ni kipimo. Mkono wake haukujua kutia mchele wa mtu mmoja. Wiki za mwanzo alipika kama kawaida, akala kidogo, akaweka kilichobaki kwenye friji, akakitazama siku kadhaa, kisha akakitupa. Kutupa chakula kulimuuma kuliko kulala na njaa. Basi akaacha kuwasha jiko.

Akawa mtu wa chai na mkate. Asubuhi mkate wa siagi, jioni mkate wa jemu, na siku akijisikia mnyonge alinunua chipsi karibu na stesheni ya Thornton Heath, akazila hukohuko njiani ili asije akakaa nazo mezani peke yake. Magoti yalikuwa yameshamwondoa kwenye kazi yake ya kusafisha maofisi, na pensheni ilikuwa bado. Binti yake wa pekee, Ibtisam, ameolewa Toronto. Walipigiana simu kila Jumapili. Mama alisema Kiswahili, binti akajibu Kiingereza, na mjukuu akiwekwa mbele ya kamera alipunga mkono tu, kama mtu anayeaga basi.

Kliniki ndiyo iliyogundua. Nesi aliyempima sukari alikuwa Mkenya, anaitwa Ann, na alipoona jina kwenye kompyuta akamsalimia kwa Kiswahili.

"Mama, sukari imepanda sana. Unakula nini huko nyumbani?"

"Nakula, mwanangu."

"Najua unakula. Unakula nini?"

Bi Sheikha aliona aibu kusema mkate, akaona aibu zaidi kusema chipsi. Ann hakumsukuma. Alifungua droo akatoa kijitabu chembamba cha vocha. Akamweleza kwamba kuna mradi umeanzishwa kwa watu wenye kipato kidogo ambao daktari anataka wale matunda na mboga. Vocha zile hazinunui mkate wala sukari. Zinapokewa kwenye soko la wakulima, pale uani mwa kanisa, Jumamosi asubuhi. Kila mwezi atakuja kupimwa na kupewa kijitabu kingine.

"Kwa hiyo ni sadaka," alisema Bi Sheikha.

"Ni dawa, mama. Ila hii haimezwi na maji."

Soko lile alilijua. Alikuwa akilipita kila Jumamosi akienda zake, akiona watu wenye vikapu vya ukindu na mbwa wa kisasa, na bei zilizoandikwa kwa chaki ambazo zilimfanya aongeze mwendo. Jumamosi ile aliingia. Mahema hayakuwa mengi. Kulikuwa na la mayai, la asali, la mikate mizito kama mawe, na kwenye kona, karibu na ukuta wa kanisa, lilikuwako la mboga la mama mmoja Mwingereza aitwaye Jennifer, aliyekuja na gari lake kutoka shambani Kent, kucha zake nyeusi kwa udongo. Kwenye nguzo ya hema alikuwa amebandika kibao kidogo kinachosema kwamba vocha zinapokewa.

Bi Sheikha alichagua karoti, vitunguu na fungu la majani mapana yenye mabua mekundu, ambayo kwa sura aliyaona ni jamaa wa mchicha. Halafu akasogea pembeni asubiri. Hakutaka kutoa vocha mbele ya watu. Mwanamke mmoja alilipa kwa kadi, akaja mwingine, akaja na mwenye mtoto mgongoni. Kila foleni ilipokaribia kwisha, mtu mwingine alijitokeza.

Na pembeni hapo hakuwa peke yake. Mzee mmoja wa Kihindi, aliyevaa koti la suti na kofia ya sufu, alikuwa amesimama na figili mkononi, naye hasogei. Bi Sheikha akamfanyia ishara apite. Mzee akatikisa kichwa, akamwonyesha yeye apite. Bi Sheikha akarudi nyuma hatua. Mzee naye akarudi nyuma. Wakakaa hivyo mpaka Bi Sheikha akasema chini chini, kwa lugha yake, akidhani anajisemea mwenyewe:

"Huyu naye anangoja nini?"

"Nakungoja wewe umalize, dada," alijibu yule mzee kwa Kiswahili kilichonyooka. "Nikuulize na mimi, wewe wangoja nini?"

Bi Sheikha alishtuka, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya hema. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu, na koo lilimwuma. Alipotulia, akafungua kiganja akamwonyesha kijitabu chake. Mzee akatazama kushoto na kulia, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa pembe tu ya kijitabu kama kile, akairudisha.

"Basi twende pamoja," alisema Bi Sheikha. "Watucheke wote wawili."

Hakuna aliyewacheka. Jennifer alipokea vocha zao akazitumbukiza kwenye kopo la biskuti, akawauliza kama wanataka na majani ya karoti au ayakate.

Mzee aliitwa Praful. Alizaliwa Tanga, babake akiuza vyombo vya ndani, naye akaondoka huko akiwa kijana, miaka ya sabini, pamoja na wengi wa watu wake. Huku London akafungua duka lake mwenyewe la vyombo, Kenton, upande wa pili kabisa wa jiji. Sufuria, masahani, majiko, taa za sikukuu ya Diwali. Alifanya biashara mpaka uzee ukamkuta, mambo yakawa magumu, akamwachia duka Ravi, aliyekuwa mfanyakazi wake. Alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya kupanga.

"Kenton hamna soko?" aliuliza Bi Sheikha. Walikuwa wamekaa kwenye benchi ukutani mwa kanisa. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya pili au ya tatu, na yeye alikuwa amekuja na chupa ya chai ya tangawizi.

"Lipo. Karibu na nyumbani, hata basi sihitaji. Na vocha wanazipokea."

"Sasa?"

Praful alizungusha kikombe mkononi. "Pale kila anayepita alikuwa mteja wangu. Wengine niliwakopesha vyombo vya harusi za binti zao. Nitoe vocha mbele yao?" Akanywa chai. "Huku hanijui mtu. Nasema nyumbani kwamba nakwenda kutembea."

"Unasema nyumbani? Si umeniambia unaishi peke yako?"

"Ndiyo," alisema Praful. "Nasema hivyohivyo tu nikifunga mlango."

Bi Sheikha hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa akipiga hodi kwenye mlango wake kila arudipo, na alikuwa hajamwambia mtu.

Majira ya joto yakapita namna hiyo. Hawakutembeleana, hawakupeana hata namba za simu. Wote wawili walikuwa watu wa zamani, na mjane kumwomba namba mjane mwenzake kungehitaji maelezo. Walikutana Jumamosi, wakapanga foleni, wakanywa chai, kila mtu akashika njia yake. Lakini wiki nzima ilikuwa imeanza kuelekea Jumamosi. Bi Sheikha alinunua sufuria ndogo. Praful ndiye aliyemwambia, akimwonyesha ukubwa kwa viganja vyake viwili kama muuza duka: "Hii. Hii ndiyo ya mtu mmoja. Ukipikia kubwa utamtafuta mtu wa pili kila siku."

Walipeana na kazi za nyumbani. Siku moja Jennifer alileta kitu cha mviringo, kikubwa, chenye mizizi iliyojisokota chini kama mikono ya pweza. Hakuna kati yao aliyewahi kukila. Wakachukua kimoja kimoja, wakaahidiana kuleta habari. Jumamosi iliyofuata Bi Sheikha alisema amekikata vipande akakitia tui na ndimu, na kimekubali. Praful alisema amekikaanga na bizari nyembamba, na kimekataa kabisa, lakini amekila.

"Umekila chote?"

"Nilikuwa nimeshakwambia nitakula."

Sukari ya Bi Sheikha ikaanza kushuka. Ann alifurahi akamwuliza siri yake. Bi Sheikha akasema ni yale majani ya mabua mekundu.

Kisha, majani ya miti ya uani yalipoanza kudondoka, Praful hakuja. Bi Sheikha alikaa kwenye benchi mpaka Jennifer akaanza kukunja hema. Jumamosi iliyofuata hakuja tena. Alijiambia labda ana mafua, labda treni zimegoma. Jumamosi ya baadaye mvua ilinyesha, akanunua viazi tu, akasimama chini ya paa la kanisa na chupa ya chai ambayo hakuifungua. Jennifer alimwuliza habari za rafiki yake. Bi Sheikha akajibu hajui, na alipojisikia akisema hivyo ndipo alipotambua kwamba kweli hajui. Hajui ukoo wa mtu yule, hajui mtaa wake, hajui ni mzima au mfu. Anajua tu Praful, vyombo, Kenton.

Basi akaenda Kenton. Alivaa buibui lake zuri, akatia ndani ya mfuko boga dogo na fungu la majani, akapanda treni, akabadilisha, akapanda nyingine. Hakuwahi kufika upande ule wa jiji. Aliposhuka aliona maduka ya vitambaa, ya mitai na vitamu vingine vya Kihindi, ya dhahabu, na harufu ya uvumba ikamkumbusha maduka ya Chake Chake kule Pemba asubuhi. Aliuliza duka la vyombo, akaonyeshwa la kwanza, likawa silo. La pili lilikuwa na sufuria zimening'inizwa mlangoni kwa ukubwa wake, kuanzia ya kuogeshea mtoto hadi ya kuchemshia yai.

Ndani alikuwapo mwanamume wa makamo nyuma ya kaunta, na wanawake wawili waliovaa sari wakichagua masahani. Bi Sheikha alimwuliza kwa Kiingereza kama yeye ndiye Ravi. Akasema ndiye.

"Namtafuta Bwana Praful. Aliyekuwa na duka hili."

Ravi aliacha alilokuwa akilifanya. Akamweleza kwamba Mjomba Praful, ndivyo alivyomwita, alianguka bafuni. Hospitali walimweka muda, na alipotoka binti yake Reshma alikuja kumchukua. Sasa yuko Leicester, nyumbani kwa huyo binti. Nyumba ya hapa imesharudishwa kwa mwenyewe.

"Wewe umemjulia wapi?" aliuliza Ravi, kwa upole tu.

"Sokoni. Thornton Heath."

"Thornton Heath?" Ravi alikunja uso. "Kule mbali alikuwa akifuata nini?"

Wale wanawake wawili waliacha masahani. Mmoja alinong'ona jina la Praful na kumwambia mwenzake kitu kwa Kigujarati, na wote wakamtazama Bi Sheikha wakingoja jibu. Bi Sheikha alielewa mara moja kwamba hawa ndio Praful aliokuwa akiwakimbia. Pengine hata walinunua vyombo vya harusi za binti zao hapahapa. Angeweza kusema walikuwa wakikutana tu, lakini hilo nalo lingezua maneno yake. Akafungua mkoba wake akatoa kijitabu cha vocha, akakiweka juu ya kaunta, wazi, mahali kila mtu anapoweza kukiona.

"Mimi ni mtu wa kipato kidogo," alisema. "Kliniki wananipa hizi ninunulie mboga. Sasa mimi Kiingereza changu kibovu, sikuweza kuelewana na wauzaji. Bwana Praful alinikuta siku moja nahangaika. Anajua Kiswahili, akanisaidia kufasiri. Tangu hapo alikuwa akija kila Jumamosi kwa ajili yangu."

Alikuwa akisema Kiingereza muda wote huo, na wala hakikuwa kibovu. Hakuna aliyekitilia maanani. Wanawake walitazama vocha, wakatazama viatu vyake, wakarudi kwenye masahani yao kwa ile adabu ya watu wanaojifanya hawajaona. Uso ulimwaka Bi Sheikha mpaka masikioni. Lakini Ravi alikuwa akitabasamu, na macho yalikuwa yamemlegea.

"Ndivyo alivyo," alisema. "Hakutuambia hata mara moja. Alisema anakwenda kutembea."

Akamwandikia namba ya simu ya Reshma nyuma ya risiti. Bi Sheikha akamwachia boga na majani, kwa sababu hakutaka kurudi nayo.

Ilimchukua siku kadhaa kupata ujasiri wa kupiga. Alipiga mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Reshma aliipokea, akawa na shaka kidogo, kisha akaenda kumpa babake. Zilisikika sauti za watoto, televisheni, mlango, na pumzi ya mtu anayeketi kwa taabu.

"Dada," alisema Praful. "Ravi kanipigia. Kaniambia nilikuwa nikikufasiria."

"Nilisema hivyo."



"Kiingereza chako kizuri kuliko changu," alisema Praful.

"Najua."

"Ahsante, Bi Sheikha."

Halafu akamwuliza juzi Jennifer alileta nini. Bi Sheikha akamtajia: kabichi la zambarau, liki nene kama bakora, matufaha madogo yenye madoa. Praful akauliza kama matufaha ni makali au matamu. Akamwambia kwamba nyumba ya binti yake imejaa watu, wote ni wema, lakini hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili, kwa hiyo anaweza kusema chochote na ni kama yuko peke yake chumbani. Alisema hivyo kwa namna ambayo Bi Sheikha hakujua kama anafurahi au analalamika.

Wakawa wanapigiana simu Jumamosi jioni. Sokoni Bi Sheikha alikaa kwenye benchi muda mfupi tu, maana baridi ilikuwa imeingia. Alitoa vocha zake bila kusubiri foleni iishe. Baada ya Kenton hakuona tena haja ya kuzificha. Watu walimpisha, wengine walimsalimia, na alirudi nyumbani akiwa amesema maneno manne au matano na ulimwengu.

Karibu na mwaka mpya Jennifer alimwambia kwamba mradi unakwisha. Fedha zake zilikuwa za mwaka mmoja, na waliokuwa wakizitoa hawajasema kama watatoa tena. Ann naye kliniki akathibitisha, akisikitika kuliko mgonjwa wake. Kijitabu cha mwisho Bi Sheikha alikitumia taratibu, vocha moja moja, na kilipokwisha akaendelea kwenda na pesa yake mwenyewe, akinunua kidogo. Fungu moja la majani na vitunguu. Kwa sufuria ile ndogo vilitosha. Jennifer wakati mwingine aliongeza karoti zilizovunjika, na Bi Sheikha wakati mwingine alizikubali.

Simu za Leicester nazo zikabadilika. Mwanzo Praful alikuwa akirudia habari moja mara mbili. Kisha akaanza kuuliza kama mvua imenyesha Tanga. Reshma alieleza, kwa Kiingereza, kwamba tangu kuanguka kule baba anapotea potea, lakini siku ya Jumamosi huwa anauliza mwenyewe kama simu imelia, na akazidi kumshukuru. Bi Sheikha alisema si kitu.

Jumamosi moja mwezi wa tatu alipiga kama kawaida, akiwa amekaa kitandani na shali mabegani, chakula chake kikitokota jikoni. Praful aliipokea simu mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa halijatokea muda mrefu, na sauti yake ilikuwa na nguvu, ya mtu wa dukani.

"Hansa," alisema. "Umechelewa leo. Umepika nini?"

Bi Sheikha hakuwa amewahi kulisikia jina lile. Lakini namna lilivyotamkwa ilimtosha kujua ni la mke. Alitazama dirishani, basi jekundu likipita tupu na taa zake zote zikiwaka. Hakumrekebisha.

"Nimepika majani kwa nazi," alisema. "Na wali kidogo."

"Wali kidogo wa nini, na wageni wakija?"

"Wakija nitaongeza."

"Haya," alisema Praful, ametulia. "Nafunga duka sasa hivi. Niwekee."

Akamwambia atamwekea. Wakaendelea kuzungumza, yeye akiitikia jina lile kila alipoitwa, mpaka mzee akachoka na Reshma akaja kuichukua simu. Bi Sheikha akaenda jikoni, akazima jiko, akapakua.